Matokeo ya klabu baada ya Kili Marathon: tuyaandike vipi ili kila mwanachama aone alichofanya?

#1 – Mkeka wa Mwisho (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa Kilimanjaro Marathon ukipita, magrupu ya klabu za jogging yanajaa picha za medali. Halafu mtu mmoja anatupia picha ya matokeo iliyokatwa nusu, aliyetangulia anapongezwa, wengine wote wanapewa "hongereni sana", kazi imekwisha. Naona si haki. Mtu ameamka saa kumi alfajiri miezi minne mfululizo, halafu hakuna mahali popote palipoandikwa alichokivuna.

Napendekeza orodha ya klabu iwe na safu hizi kwa kila mwanachama: namba ya kifuani, jina, jinsi, umri siku ya mbio, umbali, muda wa bunduki, muda wa chipu, muda wa nusu ya kwanza na wa nusu ya pili, nafasi kwa jumla, nafasi kwa jinsi, nafasi katika kundi la umri, muda wake bora wa zamani, na mahali alipoukimbia muda huo wa zamani, kisha maelezo.

Safu ya mahali ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoleta ugomvi baadaye.

Chanzo cha muda ni kimoja tu: matokeo yaliyotolewa na waandaaji. Saa ya mkononi haiingii, Strava (programu ya simu ya kurekodi mbio) haiingii. "Nusu marathon bora" ya Strava ni kipande cha kilomita 21.1 ambacho programu imekikata yenyewe popote ndani ya mbio zako.

Wenye uzoefu wa kuandaa orodha hizi karibuni tujazie.

---

#2 – Kamba ya Kiatu

Mleta uzi umegusa penyewe. Swali: kwenye orodha tupange watu kwa muda wa bunduki au wa chipu? Kwetu kila mwaka kuna mvutano hapo.

---

#3 – Kona ya Ndani

@Kamba ya Kiatu, viandike vyote viwili, ila ujue kila kimoja kina kazi yake.

Muda wa bunduki unaanza mlio unapotoka, na ndio rasmi kwa kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia. Zawadi na nafasi za mbele zinafuata huo, kwa sababu anayeshindana lazima ajue kuwa aliyeko mbele yake ndiye anayemshinda. Muda wa chipu unaanza wewe unapokanyaga mkeka wa kuanzia. Kwa mwanachama aliyejipanga nyuma kwenye umati, tofauti inaweza kuwa dakika kadhaa, na hizo dakika hakuzikimbia. Kwa hiyo: nafasi kwa bunduki, rekodi binafsi kwa chipu. Mkishakubaliana hivyo mvutano unaisha.

Jambo jingine dogo ambalo watu wanaliona kosa la uchapaji. Mbio za barabarani muda rasmi huandikwa kwa sekunde kamili, na sehemu ya sekunde inapandishwa juu. Ukifika 2:09:44.3 unaandikiwa 2:09:45. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuwa na muda ule ule na bado mmoja ni bingwa. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, kwenye marathon ya mashindano ya dunia, Alphonce Simbu wetu na Amanal Petros wa Ujerumani wote waliandikiwa 2:09:48. Petros alikuwa mbele hatua za mwisho kabisa, akajirusha kwenye utepe, na picha ya kamera ya mstarini ikaonyesha kifua cha Simbu kimetangulia kwa sekunde 0.03. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Kinachohesabiwa pale ni kiwiliwili. Kichwa, mkono na mguu havihesabiki.

Mtanzania mwingine, Juma Ikangaa, naye kwenye marathon ya Boston 1988 alikosa ushindi kwa sekunde moja: Ibrahim Hussein wa Kenya 2:08:43, yeye 2:08:44. Mwaka uliofuata akashinda New York kwa 2:08:01. Nayasema haya kwa sababu kuna wanaoona sekunde kwenye orodha ya klabu ni kujisumbua. Iandikeni yote, msikate kuwa "kama saa nne na dakika saba".

---

#4 – Kituo cha Maji

Hapo kwenye chipu ndipo matokeo mengi ya klabu yanapoharibikia, na makosa mengi ni ya mkimbiaji mwenyewe. Nitaenda kwa undani kidogo.

Chipu siku hizi ni kile kipande chembamba kama utepe kilichobandikwa nyuma ya namba ya kifuani. Kina antena iliyochapwa, hakina betri. Kinaamshwa na mawimbi ya redio kutoka kwenye mkeka au nguzo za pembeni. Sasa angalia kinachokiua:

Kukunja namba ili iwe ndogo. Antena ikikatika hata kwa mkunjo mmoja mkali, chipu imekufa, na kwa macho huoni kitu.

Kuivaa ubavuni, pajani au mgongoni. Mwili wa binadamu ni maji, na maji yanameza mawimbi. Namba ikae kifuani, mbele, juu ya nguo zote.

Mkanda wa simu uliofungwa juu yake. Simu ina chuma ndani, na chuma kinaziba. Mkanda ushuke kiunoni.

Pini mbili badala ya nne. Jasho likilowesha namba ikajibandika tumboni, usomaji unadhoofika. Pini nne, na kuwe na nafasi kidogo ya hewa kati ya namba na tisheti. Pini zisipite kwenye chipu yenyewe.

Kupiga picha karibu na mkeka wa kumalizia kabla ya mbio. Mashine inasoma kila anayesogea, halafu mtu wa matokeo anaanza kusafisha data. Kwa kawaida mkeka wa kuanzia unachukua usomaji wa mwisho, wa kumalizia unachukua usomaji wa kwanza. Ukimaliza, pita, usirudi mkekani kumsubiri mwenzako.

Na kubwa kuliko yote: kubadilishana namba. Mwanaume wa miaka 28 anakimbia na namba ya dada wa miaka 52 aliyepata dharura, anatokea mshindi wa kundi la umri la wanawake. Mtu wa haki anakosa nafasi yake jukwaani. Zaidi ya hapo, akianguka njiani, watu wa huduma ya kwanza wanasoma jina, simu ya ndugu na maelezo ya afya ya mtu mwingine. Klabu iweke msimamo: aliyekimbia na namba ya mwingine haandikwi kwenye orodha, hata kama muda wake ni mzuri namna gani.

---

#5 – Kamba ya Kiatu

Nimeelewa mkuu. Na yule ambaye kwenye matokeo ana muda wa kumaliza lakini hana muda wa nusu?

---

#6 – Kituo cha Maji

Mkeka wa katikati haukumsoma, au hakufika pale. Msimhukumu. Kwanza angalieni wenzake waliokuwa naye: kama watu wengi wa dakika zile hawana muda wa nusu, tatizo ni la mkeka. Akiwa peke yake, aombwe picha za njiani au faili la saa yake lionyeshe alipogeuzia. Saa hapo inatumika kama ushahidi wa njia, si wa muda. Maombi ya kurekebisha yaende kwa waandaaji siku moja au mbili baada ya mbio, yakiwa na namba, umbali, saa ya ukutani aliyofika, na picha yake akivuka ikiwa saa kubwa ya mstarini inaonekana. Wiki tatu baadaye hakuna wa kukusikiliza, na hawana kosa.

---

#7 – Kona ya Ndani

Naongezea suala la urefu wa njia, maana kila mwaka kuna anayesema "saa yangu imesoma 42.6, wametuongezea".

Njia iliyopimwa rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabu mizunguko cha Jones, iliyolinganishwa kwanza na kipande cha barabara kilichopimwa kwa utepe wa chuma. Mpimaji anapita njia fupi kabisa inayoruhusiwa, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona. Halafu inaongezwa 0.1% ya tahadhari ili njia isije ikawa fupi: mita 42 kwa marathon, mita 21 kwa nusu. Mkimbiaji akipita kona kwa nje, anakwepa watu, anakata kushoto kuchukua maji kisha anarudi kulia, mita zinajilimbikiza. Ongeza na saa yenyewe kuyumba chini ya miti. Kwa hiyo 42.5 au 42.6 kwenye saa ni kitu cha kawaida kabisa.

Madhara yake yako kwenye mwendo. Chukua mtu anayetaka saa 4:00:00. Anahitaji 5:41 kwa kilomita. Anaitazama saa mwanzo hadi mwisho, inasema 5:41, ametulia. Saa ikifika 42.6 mstarini, atakuwa ametumia kama 4:02:07. Amekosa lengo kwa dakika mbili na ushee na hajui kwa nini. Dawa: zima ule mpangilio wa saa kukata kilomita yenyewe, bonyeza kitufe mwenyewe kwenye kila kibao cha kilomita, au beba karatasi ya muda kwa kila kilomita 5. Kwa 4:00:00, kilomita 5 ni 28:26, kilomita 10 ni 56:53, nusu ni 2:00:00 kamili.

Upande wa pili, kuna mbio za mitaani ambazo njia imepimwa kwa gari au pikipiki. Hapo saa za wanachama zina faida, lakini kwa wingi. Saa kumi za watu tofauti zikisoma 20.5 hadi 20.7 kwenye mbio za 21.1, njia ni fupi, kwa sababu saa huelekea kusoma zaidi kuliko pungufu. Muda uandikwe ukiwa na nyota, na usihesabiwe kuwa rekodi binafsi. Inauma, lakini bora kuliko mtu kuja kuukimbiza muda wa uongo miaka mitatu.

Na urefu hautoshi, mteremko nao unahesabika. Geoffrey Mutai alikimbia 2:03:02 Boston mwaka 2011, kasi kuliko rekodi ya dunia ya wakati huo ya Haile Gebrselassie, 2:03:59. Haikuhesabiwa rekodi, kwa sababu mwisho wa njia ya Boston uko chini na mbali mno na mwanzo wake. Kanuni inataka mteremko usizidi mita 1 kwa kila mita 1,000, yaani mita 42 kwa marathon nzima, na mwanzo na mwisho visiachane kwa zaidi ya nusu ya umbali wa mbio.

---

#8 – Pumzi Ndefu

Swali la kweli: mwanachama ana 3:58:10 aliyoikimbia njia tambarare. Moshi, kwenye Kili Marathon ya mwaka huu, amepata 4:07:30. Kwenye orodha anaonekana amerudi nyuma. Ni haki?

---

#9 – Mweka Juu

Si haki, na hii ndiyo hoja ninayoitetea kwa nguvu zote.

Njia ya 42 ya Moshi inatoka uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, inazunguka mjini, inakwenda upande wa barabara ya Dar na kurudi. Hiyo nusu ya kwanza ni tambarare kiasi. Halafu, miguu ikiwa imeshachoka na jua limetoka, ndipo barabara ya Mweka inaanza kupanda mlimani, kilomita baada ya kilomita, kabla ya kugeuza na kushuka mjini. Na Moshi mjini penyewe pako mita 800 na ushee juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu aliyetoka pwani juzi ana pumzi pungufu hata kabla ya kilima. Kuilinganisha na njia tambarare ni kulinganisha ngazi na korido.

Kwa hiyo ziwepo rekodi mbili kwa kila mtu: bora popote, na bora Moshi. Huyo mwenye 4:07:30, kama Moshi ya mwisho alipata 4:19:05, ameshusha dakika 11 na sekunde 35 kwenye njia ile ile. Hilo ndilo la kuandikwa kwa herufi nzito.

Kisha angalia nusu zake. Tuseme ya kwanza 1:55:00, ya pili 2:12:30. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 132.5 ÷ 115 = 1.152. Amepunguza mwendo kwa 15.2%. Njia tambarare ningesema alianza kwa pupa. Moshi huwezi kusema hivyo mpaka umlinganishe na wenzake: chukua asilimia za wanachama wote wa 42, panga, tafuta ya katikati. Ikiwa ya katikati ni 20%, huyu amekimbia kwa akili sana. Ikiwa ni 9%, alikwenda mbio mno kule barabara ya Dar. Asilimia hii huwa inawaibua watu ambao hakuna aliyewaona: mama wa saa tano na nusu aliyepanda Mweka bila kuporomoka anaweza kuwa wa kwanza wa klabu nzima.

Kwa wakubwa wenyewe: Eliud Kipchoge Berlin 2022, 2:01:09, nusu ya kwanza 59:51 na ya pili 61:18. Kelvin Kiptum Chicago 2023, 2:00:35, nusu ya kwanza 60:48 na ya pili 59:47. Rekodi mbili za dunia mfululizo, ugawaji wa nguvu tofauti kabisa. Ukisoma muda wa mwisho peke yake huoni hilo.

Wa 21 wao wanapanda mapema wakiwa wabichi na kushuka baadaye. Kosa lao ni lingine: kuachia miguu kwenye mteremko. Kila hatua ya kushuka inabeba uzito kwenye misuli ya mbele ya paja, na mapaja yanakakamaa zikiwa zimebaki kilomita mbili tatu za kurudi uwanjani. Ukiona kwenye matokeo mtu alipanda vizuri na kushuka vibaya, mazoezi yake yaongezwe mteremko, si kilima.

---

#10 – Nywele za Mvi

Na sisi wa miaka 50 na 60 tuangaliwe kwa jicho lipi?

---

#11 – Mweka Juu

Shikamoo mzee. Kuna majedwali ya umri ya riadha ya maveterani, yanapatikana bure mtandaoni. Kila umri na kila jinsi kuna muda wa kiwango kwa kila umbali. Unagawa kiwango kwa muda wa mtu. Tuseme kiwango cha umri wake ni 1:10:00 na yeye amekimbia 1:52:00: 70 ÷ 112 = 62.5%. Kwa kawaida 60% na zaidi huitwa daraja la eneo, 70% mkoa, 80% taifa, 90% dunia. Tumia umri wa siku ya mbio, si wa mwaka wa kuzaliwa.

Orodha ya klabu ikipangwa kwa asilimia hiyo, sura inabadilika. Vijana wengi wanakuta wazee wako juu yao. Ila asilimia tu ndiyo itolewe hadharani, umri wa mtu ubaki kwa katibu.

---

#12 – Shikamoo Excel

Wa kuandaa jedwali, makosa manne yanayojirudia:

1. Ukiandika 58:20 ukimaanisha dakika 58, Excel inasoma saa 58. Andika 0:58:20.
2. Muda ulionakiliwa kutoka PDF mara nyingi unaingia kama maandishi. Utauona umeegemea kushoto na haujumlishiki. Tumia =VALUE(TRIM(G2)) kwenye safu ya pembeni (kwa mpangilio wa mleta uzi, G ni muda wa chipu na M ni muda bora wa zamani).
3. Ukitoa muda mpya kwenye wa zamani na mtu amechelewa, unapata #####, kwa sababu Excel haionyeshi muda hasi. Andika =TEXT(ABS(M2-G2),"h:mm:ss") na alama ya kuongeza au kupunguza uiweke safu yake.
4. Ukijumlisha muda wa timu ukapita saa 24, unaanza upya sifuri. Fomati iwe [h]:mm:ss.

Mwendo kwa kilomita ni =G2/42.195 kwa fomati ya mm:ss. Kwa 4:07:30 itatoa 05:52.

---

#13 – Pumzi Ndefu

Asanteni sana. Kuna namna ya kutumia matokeo haya kuwekea mtu lengo la mbio zijazo?

---

#14 – Kona ya Ndani

Ipo kanuni ya Peter Riegel, ya miaka ya 1970: muda mpya = muda wa zamani × (umbali mpya ÷ umbali wa zamani) kwa kipeo cha 1.06. Kilomita 10 kwa dakika 50:00 inatoa nusu marathon ya kama 1:50:19, na marathon ya kama 3:50. Kwenye Excel: =G2*(21.0975/10)^1.06.

Tahadhari mbili. Kutoka 21 kwenda 42 kanuni hii inawapendelea mno wasio na mazoezi marefu. Mtu anayekimbia kilomita 30 kwa wiki asiahidiwe 3:50. Na usichukue muda wa Moshi ukautabiria njia tambarare, wala kinyume chake. Njia zifanane.

---

#15 – Kituo cha Maji

Msiwaache nje wasiomaliza. Tofautisheni: hakuanza, alijitoa, aliondolewa. Aliyejitoa aandikiwe kilomita na sababu: tumbo, kisigino, joto, kuishiwa nguvu. Wanne wakijitoa kilomita 30 hadi 34 kwa kuishiwa nguvu, tatizo ni la programu ya mazoezi ya klabu au chakula cha njiani, na kocha ana la kufanyia kazi. Mkiwafuta, somo limepotea. Ila mtu aulizwe kwanza kama yuko radhi sababu yake isomwe na wote.

---

#16 – Mkeka wa Mwisho (mleta uzi)

Nimekusanya yote, wakuu, shukrani za dhati. Utaratibu tutakaoujaribu: katibu anapakua matokeo, rasimu inakwenda kwenye grupu, saa 48 za kila mtu kukagua mstari wake, ndipo inabandikwa. Mstari mmoja utasomeka hivi:

*Marathon, Moshi. Bunduki 4:12:40, chipu 4:07:30 (5:52/km). Nusu 1:55:00 na 2:12:30, amepungua 15.2%, klabu katikati 18%. Bora Moshi: ndiyo, zamani 4:19:05, ameshusha 11:35. Bora popote: 3:58:10, njia tambarare. Maelezo: alibonyeza saa mwenyewe kwenye vibao, alikunywa maji kila kituo, mapaja yalibana akishuka Mweka. Kinachofuata: mteremko mara moja kwa wiki.*

Anayeona kuna safu imekosekana aseme kabla sijaifungia faili kesho jioni.